Mwanga wa Buluu na Umanjano wa Watoto Wachanga

Katika kiangazi cha mwaka 1956, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao katika hospitali ya Rochford, huko Essex, Uingereza, ilikuwa chini ya uangalizi wa muuguzi aitwaye Jean Ward. Muuguzi huyo aliamini kwamba hewa safi na jua la uani huwafaa watoto kuliko joto zito la ndani ya wodi. Kwa hiyo siku zenye jua aliwatoa nje kwa vitanda vyao, akawaacha wapate mwanga, kisha akawarudisha ndani.

Siku moja madaktari walipopita kukagua, aliwaonyesha mtoto mmoja baada ya kumvua nguo. Mwili wa mtoto ulikuwa na umanjano hafifu, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu ambayo umanjano wake ulikuwa umekolea mno, na mpaka wake ulionekana wazi. Madaktari walidhani kwamba mtoto amepakwa dawa ya rangi. Muuguzi akaeleza kwamba hakupakwa kitu. Pembetatu ile ni mahali palipofunikwa na kona ya shuka wakati mtoto alipokuwa juani. Sehemu iliyokolea ndiyo iliyobaki na rangi yake ya awali, na mwili uliobaki ndio uliopauka.

Pengine jambo hilo lingesahauliwa kama lisingefuatwa na kosa dogo la maabara. Majuma machache baadaye, damu ya mtoto mwingine mwenye umanjano iliachwa kwa saa kadhaa kwenye dirisha lenye jua kabla ya kupimwa. Matokeo yalionyesha kiasi cha rangi kilicho kidogo kuliko kilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na mwanakemia P. W. Perryman walipolinganisha damu iliyokaa juani na ile iliyokaa gizani, walithibitisha kwamba si kosa la kipimo: mwanga ulikuwa umeipunguza rangi ile ndani ya chupa. Wakajaribu kuwaweka watoto juani kwa vipindi vilivyopimwa. Lakini jua la Uingereza si jua la Tabora, na haliwezi kutegemewa. Hivyo wakaunda chombo cha taa za tyubu zenye mwanga wa buluu kilichopinda juu ya kitanda cha mtoto. Mwaka 1958 Cremer, Perryman na mwenzao D. H. Richards walitoa habari hizo katika jarida la Lancet. Tiba mpya ilikuwa imezaliwa, na mzazi wake wa kwanza alikuwa muuguzi mwenye macho makini.

Asili ya rangi ya manjano

Inafaa kwanza kuondoa mkanganyiko wa majina. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Umanjano unaozungumzwa hapa hauambukizi, na kwa hakika si ugonjwa bali ni dalili: rangi iitwayo bilirubini imezidi katika damu na kuingia katika ngozi na weupe wa macho.

Bilirubini hutokana na hemoglobini, yaani ile dutu nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo haziishi milele. Kwa mtu mzima huishi kiasi cha siku 120, na kwa mtoto mchanga siku 70 hadi 90 hivi. Zinapochakaa huvunjwa, hasa katika wengu na ini. Chuma chake huhifadhiwa ili kitumike tena, na protini yake pia. Kinachobaki ni sehemu ya rangi, ambayo kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa biliverdini, yenye rangi ya kijani, na kimeng'enya cha pili huigeuza biliverdini kuwa bilirubini, yenye rangi ya manjano. Mwanafunzi aliyewahi kupata jeraha la kuvilia damu, akaliona likibadilika siku baada ya siku kutoka rangi nyeusi-zambarau hadi kijani na kisha manjano, ameitazama kemia hii kwa macho yake mwenyewe.

Hesabu ndogo itasaidia kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Mtoto wa kilo 3 ana damu kiasi cha mililita 240. Ikiwa kila mililita 100 zina gramu 17 za hemoglobini, jumla ni karibu gramu 41. Tukichukulia kwamba chembe zake huishi siku 80, basi kila siku huvunjwa sehemu moja ya 80, yaani nusu gramu hivi ya hemoglobini. Kila gramu hutoa kiasi cha miligramu 35 za bilirubini. Kwa hiyo mtoto hutengeneza karibu miligramu 18 kwa siku, au miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wake, mbali na kiasi kingine kinachotoka katika vyanzo vidogo zaidi. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wafanye hesabu hiyo hiyo kwa mtu mzima wa kilo 70 mwenye lita 5 za damu na gramu 15 za hemoglobini katika kila mililita 100. Watapata miligramu 3 tu kwa kilo. Mtoto mchanga, kwa uzito wake, anabeba mzigo wa bilirubini ulio mara mbili ya ule wa baba yake.

Na mzigo huo anaubeba kwa ini ambalo bado halijaizoea kazi. Bilirubini haiyeyuki vema katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ili itoke mwilini kwa njia ya nyongo, ini hulazimika kuiunganisha na asidi ya glukuroni ili iweze kuyeyuka katika maji. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, wakati wa kuzaliwa, kina nguvu ya asilimia 1 tu hivi ya ile ya mtu mzima. Hata kiasi kinachofaulu kufika matumboni huweza kutenganishwa tena na asidi ile na kufyonzwa kurudi katika damu. Basi si ajabu kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi yao, na kiasi cha wanne katika kila watano waliozaliwa kabla ya siku zao, huonekana na umanjano katika juma la kwanza. Kwa wengi wao hali hiyo hupita yenyewe bila madhara yoyote.

Msomaji makini atauliza swali ambalo vitabu vingi hulipita. Biliverdini ya kijani huyeyuka katika maji na haina sumu kubwa. Ndege na wanyama watambaao wengi huitoa mwilini kama ilivyo. Kwa nini basi mwili wa binadamu utumie nguvu kuigeuza dutu hiyo isiyo na shida kuwa bilirubini yenye shida nyingi? Jibu linalokubaliwa na wengi liko katika tumbo la uzazi. Kijusi hakina njia ya kutoa taka zake isipokuwa kupitia kondo la nyuma. Biliverdini haipiti hapo kwa urahisi; bilirubini, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hupenya na kumfikia mama, ambaye ini lake huishughulikia. Tabia iliyomfaa mtoto kwa miezi tisa ndiyo inayomhatarisha saa ile kitovu kinapokatwa.

Hatari yenyewe

Katika damu bilirubini hubebwa na protini iitwayo albumini. Maadamu imeshikwa hapo, haina madhara. Lakini nafasi za kuishika zina kikomo. Zikijaa, au zikichukuliwa na dawa fulani kama zile za jamii ya salfa, bilirubini iliyo huru hupenya kwenye ubongo, ambao una mafuta mengi, na huua chembe za neva katika viini vya ndani vinavyoongoza mwendo na usikivu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Christian Georg Schmorl wa Ujerumani alizikuta sehemu hizo zimetiwa rangi ya manjano katika ubongo wa watoto waliofariki, akaupa ugonjwa huo jina lililotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kiini.

Mtoto anayeelekea huko huanza kwa kulegea na kulala mno, akakataa kunyonya. Baadaye hukakamaa, akapinda mgongo na shingo kwa nyuma, na kilio chake kikawa chembamba na kikali. Akiokoka, huenda akaishi miaka mingi akiwa na viungo vinavyojinyonganyonga bila hiari, uziwi, na macho yasiyoweza kutazama juu. Mara nyingi akili yake huwa nzima ndani ya mwili usiomtii. Hayo yote yatokea kwa sababu ya kuchelewa kwa siku moja au mbili, na hayarudi nyuma.

Kabla ya mwanga kutumika, tiba ya pekee ya maana ilikuwa kubadilisha damu: kupitisha mrija katika mshipa wa kitovu, kutoa damu ya mtoto kidogo kidogo na kumtia ya mtu mwingine, hadi kiasi kinachofikia mara mbili ya damu yake yote. Tiba hiyo imeokoa wengi na bado hutumika pale hali inapokuwa mbaya, lakini huhitaji damu salama, mikono yenye ujuzi na muda mrefu, na yenyewe ina hatari zake.

Mwanga unafanya nini?

Rangi ya manjano imepata jina lake kutokana na kiungo cha jikoni, na kiungo hicho kinafaa sana kuifafanulia bilirubini. Manjano ya mchuzi hayayeyuki vema katika maji, lakini huyeyuka upesi katika mafuta. Yakidondokea kanga, sabuni huhangaika kuyatoa. Ila kanga ikianikwa juani, doa hufifia. Na kitu chochote huonekana cha manjano kwa sababu kimeifyonza sehemu ya buluu ya mwanga mweupe na kuziachia rangi nyingine zifike machoni. Hivyo kanuni ya fizikia yatuambia mapema ni mwanga upi utakaoigusa bilirubini: ni ule inaoufyonza, wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 460 hadi 490 hivi. Mwanga mwekundu huipita tu bila kuitikisa. Mionzi ya urujuanimno, ambayo wanafunzi wengi hudhani ndiyo inayoponya, haihitajiki kabisa, na taa nzuri za tiba hii hutengenezwa zisiitoe.

Hata hivyo mfano wa kanga una kikomo chake. Doa la manjano juani huharibiwa. Bilirubini kwa sehemu kubwa haiharibiwi, bali hubadilishwa umbo. Kwa miaka mingi wanasayansi walidhani kwamba mwanga huivunja vipande kwa msaada wa oksijeni. Njia hiyo ipo, lakini ni ndogo. Mwaka 1976 Raymond Bonnett na wenzake mjini London waliichunguza fuwele ya bilirubini kwa eksirei, wakaona molekuli yake imekunjika katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu, na sehemu zake zinazopenda maji zimevutwa ndani na kushikiliwa na vifungo vya hidrojeni. Ni kama kobe aliyeingiza miguu na kichwa: maji hayapati mahali pa kumshika. Ndiyo sababu haiyeyuki.

Fotoni ya buluu inapofyonzwa, mojawapo ya vifungo maradufu vilivyo kwenye molekuli hulegea kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na upande mmoja wa molekuli hupinduka. Vifungo vya hidrojeni vya upande huo hukatika. Kobe ametoa miguu. Molekuli ina atomi zile zile, kwa idadi ile ile, lakini sasa yaweza kuyeyuka katika maji na kupita katika nyongo bila kuungojea ule msaada wa kimeng'enya cha ini. Wanakemia huita molekuli za namna hiyo isoma, na walimu wa kidato cha tano na cha sita hawatapata mfano bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba umbo la molekuli si pambo la kitabuni.

Isoma hiyo ya kwanza hutokea upesi, na baada ya saa chache huwa karibu sehemu moja ya tano ya bilirubini iliyo katika damu. Udhaifu wake ni kwamba hurudia umbo la awali kwa urahisi. Kuna isoma ya pili, lumirubini, ambayo pete mpya hujengeka ndani ya molekuli. Hiyo hutengenezwa polepole, lakini haigeuki tena, nayo hutoka upesi kwa nyongo na kwa mkojo. Inaaminika kwamba lumirubini ndiyo njia kubwa ya mtoto kupona, na kiasi chake huongezeka kadiri mwanga unavyokuwa mkali.

Kutoka ugunduzi hadi wodi

Ingetazamiwa kwamba tiba rahisi kama hii ingeenea mara moja. Haikuwa hivyo. Madaktari wa Amerika ya Kusini waliipokea mapema, lakini Marekani ilisita kwa miaka kumi kwa kuogopa kwamba mazao ya mwanga yasiyojulikana yangeweza kuwa na sumu. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa miaka ile ile ilikuwa imeshuhudia dawa zilizotolewa kwa haraka zikiwadhuru watoto. Ni baada ya Jerold Lucey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont kutoa matokeo ya majaribio yao yaliyolinganisha makundi mawili, mwaka 1968, ndipo taa za buluu zilipoanza kuonekana katika hospitali nyingi.

Utumiaji wake ni mwepesi kueleza na rahisi kukosea. Mtoto huvuliwa nguo, akaachiwa nepi tu, kwa sababu mwanga hufanya kazi mahali unapoigusa ngozi na si kwingineko. Pembetatu ya Rochford yatosha kuwa ushahidi. Macho hufunikwa. Mtoto huendelea kunyonya mara kwa mara, kwani maziwa husukuma choo, na choo hutoka na rangi ile. Mama asishtuke akikiona chepesi na chenye ukijani. Joto la mwili hupimwa. Ngozi yake huweza kupauka upesi kwa kuwa ndiyo inayopigwa na mwanga, na kwa hiyo mtoto aliye chini ya taa hapimwi kwa macho bali kwa damu.

Nguvu ya mwanga ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Taa iliyoning'inizwa mbali na mtoto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tyubu iliyozeeka huendelea kung'aa vizuri machoni pa mtu, huku mwanga wake wa buluu ukiwa umekwisha kufifia. Jicho la binadamu haliwezi kuigundua tofauti hiyo, na kifaa cha kupimia peke yake ndicho kinachoweza. Kwa tiba kali hutakiwa angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita mraba ya ngozi kwa kila nanometa. Wodi yaweza kuwa na taa, umeme, na wauguzi wenye bidii, na mtoto akawa analala siku tatu chini ya pambo tu. Taa za LED, ambazo hutoa buluu tupu, hula umeme kidogo na hudumu kwa maelfu mengi ya saa, zimepunguza tatizo hilo, ingawa nazo hazifanyi kazi umeme unapokatika.

Katika Afrika yako mambo mawili yanayoongeza uzito. La kwanza ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD, ambao ni urithi uliozagaa katika nchi zenye malaria kwa sababu humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria. Chembe nyekundu zenye upungufu huo hupasuka zikikutana na kemikali fulani, na mojawapo ni naftalini, ile iliyomo katika vidonge vyeupe vya kuwekea nguo sandukuni ili zisiliwe na wadudu. Nguo za mtoto zilizotunzwa kwa upendo kwa miezi mingi pamoja na vidonge hivyo zimewahi kuwa chanzo cha umanjano mkali. La pili ni rangi ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hauonekani mapema. Yafaa kutazama macho, fizi, viganja na nyayo, katika mwanga wa mchana. Umanjano unaoonekana kabla ya saa 24 kutimia tangu mtoto azaliwe, au uliofika kwenye nyayo, au unaoandamana na kukataa kunyonya, ni jambo la kupelekwa hospitali saa ile ile.

Wazazi wengi huulizana kama haitoshi kumwanika mtoto jua la asubuhi. Wanaouliza hivyo hawaulizi upuuzi; tiba yenyewe ilianzia hapo. Lakini jua halileti buluu peke yake. Huleta urujuanimno unaounguza ngozi na joto linalomkausha mtoto maji, na dakika chache za mlangoni, mtoto akiwa amefungwa kanga hadi kidevuni, hazina nguvu ya kushindana na bilirubini inayopanda. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba humpa mzazi faraja, naye akangoja.

Swali hilo hata hivyo lilijibiwa kwa njia ya kisayansi mjini Lagos, Nigeria. Watafiti wa huko na wenzao wa Marekani walijenga vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi za plastiki za namna ile inayobandikwa kwenye vioo vya magari, zilizochaguliwa ili zizuie urujuanimno na sehemu kubwa ya joto lakini zipitishe buluu. Akina mama walikaa humo pamoja na watoto wao. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2015, watoto 447 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya vibanda hivyo na taa za kawaida. Jua lililochujwa lilifaulu katika asilimia 93 ya siku za tiba zilizoweza kupimwa, na taa katika asilimia 90. Wauguzi walipima joto la kila mtoto mara kwa mara, na watoto ambao hali yao ilihitaji kubadilishiwa damu hawakuingizwa katika jaribio hilo. Tena kibanda hufanya kazi mchana tu, ilhali chembe nyekundu za mtoto huendelea kuvunjika hata jua likichwa.